Kabla ya Upasuaji, Neva Ipo?

Mtoto wa miaka miwili haitiki akiitwa, mlango ukibamizwa hashtuki, na miezi kadhaa ya kuvaa shimesikio lenye nguvu haijaleta nafuu. Wazazi wengi wakifikia hapo huwa wameshasikia habari za kipandikizi cha koklea. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kukipandikiza mwaka 2017. Kabla ya hapo wagonjwa wa Tanzania walipelekwa India. Wazazi huuliza kwanza gharama. Daktari makini huanza kwingine: neva ya kusikia ipo?

Kipandikizi hushika kazi ya seli zenye vinyweleo zilizomo ndani ya koklea, yaani sikio la ndani. Waya wake mwembamba huisisimua neva kwa umeme, na neva ndiyo ipelekayo habari ubongoni. Mtu anayesikia vizuri ana nyuzi zipatazo 30,000 katika neva hiyo. Wapo watoto wanaozaliwa nayo ikiwa nyembamba mno, au bila neva yenyewe. Baadhi yao wana sindromu ya CHARGE, yenye kasoro za viungo kadhaa, wengine hawana kasoro nyingine yoyote mwilini. Kuwapandikizia bila kuchunguza ni sawa na kufunga mita ya umeme katika nyumba ambayo waya wa nguzoni haujafika.

Mtego mbaya zaidi, kwa maoni yangu, umo katika kipimo cha kwanza kabisa. Watoto wachanga wengi hupimwa kwa kifaa kinachonasa sauti hafifu zinazorudishwa na seli za nje za koklea. Seli hizo zinaweza kuwa nzima ilhali neva haipo. Mtoto anahesabiwa kuwa anasikia, familia inaondoka na furaha, na miezi ya kujifunza lugha inayoyoma. Kipimo cha umeme wa neva na shina la ubongo kingeshtua mapema.

Kisha zinafuata picha. CT scan huonyesha mifupa vizuri: njia ya mfupa inamopita neva ikiwa na upana usiofika milimita 1.5 hivi, wataalamu hushuku. Hata hivyo, mfereji mpana hauthibitishi kwamba kuna neva ndani yake, kwa hiyo MRI haikwepeki, ingawa mtoto mdogo hulazimika kulazwa usingizi kwa dawa ili atulie. Picha zilizokatwa kwa kukingama mfereji wa ndani wa sikio huonyesha neva nne: ya uso, ya koklea, na mbili za kuweka mwili sawa. Neva ya koklea kwa kawaida huishinda ya uso kwa unene. Ikizidiwa, au nafasi yake ikiwa tupu, kuna tatizo.

Lakini MRI nayo ina kikomo. Nyuzi chache zilizosalia huenda zisionekane, na wapo watoto walioandikiwa "neva haipo" ambao bado huitikia sauti. Ndiyo maana mtaalamu wa usikivu hapaswi kuachwa nje ya chumba cha maamuzi: mtoto akigeuka kwa sauti aliyochezewa katika visikizi, nyuzi zipo, hata picha iseme nini.

Na kama kweli hakuna? Mwaka 1979, huko Los Angeles, William House na William Hitselberger waliweka elektrodi moja kwa moja kwenye shina la ubongo la mgonjwa mwenye uvimbe wa neva. Baadaye Vittorio Colletti wa Verona, Italia, aliifikisha njia hiyo kwa watoto wasio na neva. Ni upasuaji mzito: fuvu hufunguliwa, na umeme ukipotoka kidogo huleta kizunguzungu au mtetemo wa uso. Kwa hiyo timu nyingi, pakiwa na shaka, hujaribu kipandikizi cha koklea kwanza. Naona wana haki, mradi wapange mapema muda wa kupima matokeo na kuamua upya.

Lugha ya alama isingoje matokeo hayo. Wengi wa watoto hawa, kwa kipandikizi cha aina yoyote, huishia kutambua kwamba kuna sauti. Wanaofikia kuelewa maneno bila kutazama midomo ni wachache.