Maandishi Yanapogeuka Amri

Katika zahanati za uwanda wa juu wa Ufipa, kama ilivyo kote nchini, mhudumu huandika katika rejesta kila mtoto aliyechanjwa. Mwisho wa mwezi hesabu hujumlishwa, na tangu miaka ya 2010 jumla hizo huingizwa katika DHIS2, mfumo wa kompyuta uliotokana na kazi ya Chuo Kikuu cha Oslo, Norwei. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni miongoni mwa waliouendeleza hapa Tanzania.

Kanuni ya kukokotoa kiwango cha chanjo haikufungwa ndani ya programu yenyewe. Mtaalamu huiandika kama maandishi: waliochanjwa, gawanya kwa walengwa, zidisha kwa 100. Kompyuta huyasoma maandishi hayo wakati programu ikiendelea kufanya kazi, kisha huyatekeleza. Chukulia kwamba zahanati moja ya Sumbawanga ina walengwa 40 na imechanja 34. Jibu ni asilimia 85. Kanuni ikibadilika, hubadilishwa maandishi tu, wala programu haiundwi upya.

Wazo hili si geni. Mwaka 1960 John McCarthy alieleza lugha ya Lisp, ambamo amri na taarifa huandikwa kwa umbo moja. Ndani yake kulikuwa na kitendo kiitwacho eval, kinachopokea usemi na kuutekeleza. Lugha za Python na JavaScript zina kitendo chenye jina hilohilo, nacho hupokea maandishi.

Je, mwanafunzi akitumie? Chukulia kwamba ametunga programu ya Python ya kukadiria mavuno, inayosema: "Andika hesabu." Mkulima akiandika 12*90, yaani magunia 12 ya kilo 90, eval hutoa 1080. Mtu mwingine akiandika amri ya kufuta mafaili, eval huitekeleza kwa utiifu uleule, na kwa mamlaka yote aliyonayo mwenye programu. Mashine ya kusaga nayo haichagui kati ya punje na jiwe; ndiyo maana nafaka huchambuliwa kwanza.

DHIS2 huchambua. Ina msomaji wake wa kanuni, ambaye hutambua namba, alama za hesabu, majina ya takwimu na vitendo vilivyoruhusiwa, asichokitambua hukikataa. Python ina ast.literal_eval, inayokubali thamani tupu kama vile namba na maneno. Hata 12*90 haitaizidisha. Basi mwanafunzi na ayatenganishe maandishi penye alama ya kuzidisha, ahakikishe kwamba kila upande ni namba, ndipo programu yake izidishe.

Takwimu za chanjo huonyesha ni wapi watoto wamebaki bila kinga. Kwa hiyo hapana budi kujua maandishi yanayozikokotoa yametoka kwa nani, na yameruhusiwa kutenda nini.