Taveta: Soko Lililoutangulia Mpaka

Ndugu wanafunzi, katika toleo hili tumeona ni vyema tuwaeleze habari za mji mdogo ambao wengi wenu mmeupita mkiwa ndani ya basi la Moshi au Arusha, mkateremka kugonga pasi, kisha mkaendelea na safari bila kuutazama. Mji huo ni Taveta. Uko kiasi cha kilomita 110 magharibi ya Voi, chini ya Mlima Kilimanjaro, penye mpaka wa Kenya na Tanzania.

Wengi hudhani kuwa mji huu umezaliwa na mpaka. Lakini ukweli ni kuwa soko la Taveta ni kongwe kuliko mpaka, tena lilichangia kuufanya mpaka upite pale ulipopita.

Zamani, misafara iliyotoka Mombasa, Tanga na Pangani ililazimika kuvuka nyika kavu isiyo na maji ya kutegemewa. Ikifika Taveta ilikuta Mto Lumi na msitu mnene, na ndani ya msitu Wataveta wakilima migomba na mahindi. Msitu huo ulikuwa ndio boma lao. Njia za kuingilia zilikuwa nyembamba na milango yake ya magogo, basi hata Wamaasai waliokuwa wakivamia nchi za jirani hawakuweza kuingia kwa urahisi. Msafiri akapata mahali pa amani pa kupumzika, kununua chakula na kujitayarisha. Joseph Thomson, Mwingereza aliyepita hapo mwaka 1883, aliwakuta watu wa misafara wakitunga shanga upya, kwa sababu Mmaasai alikuwa hapokei shanga ila zikiwa zimetungwa kwa urefu autakao yeye. Mfanyabiashara alipotaka pembe za ndovu za bara, alianza na uzi na shanga hapo Taveta. Thomson mwenyewe hakuweza kuendelea mbele mpaka alipoungana na msafara wa Jumbe Kimameta, mfanyabiashara wa Pangani aliyeijua njia.

Sasa tuje kwenye mpaka. Mwaka 1884 Mwingereza mwengine, Harry Johnston, aliandikiana mkataba na wazee wa Taveta. Mwaka uliofuata, wakala wa Wajerumani akaandikiana wake na Mangi Rindi wa Moshi. Sultani Barghash wa Zanzibar naye akamtuma Jenerali Mathews huko huko Kilimanjaro, mwaka huo huo wa 1885, ili machifu wakiri kuwa wako chini yake. Basi karatasi zikawa tatu kwa mlima mmoja. Mwishoni mwa mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zikakubaliana: mstari uanzie mdomo wa Mto Umba, karibu na Vanga, uende hadi Ziwa Jipe, uvuke Mto Lumi, upite katikati ya nchi ya Taveta na nchi ya Wachaga, kisha uzunguke chini ya mlima kwa upande wa kaskazini. Taveta imetajwa kwa jina katika mapatano hayo. Sultani alibakishiwa ukanda wa maili kumi wa pwani na visiwa vyake. Wataveta na Wachaga hawakuulizwa.

Hapa inafaa tuisahihishe hadithi moja ambayo hata baadhi ya walimu huisimulia, kwamba mpaka umepinda kwa sababu Malkia Victoria alimzawadia mlima mjukuu wake, Kaisari Wilhelm wa Pili. Hadithi ni tamu, lakini hesabu ya miaka inaikataa: mpaka ulikubaliwa mwaka 1886, na Wilhelm alitawazwa mwaka 1888. Kilichoupinda mstari ni zile karatasi za Taveta na Moshi.

Mstari huo uligeuka kuwa uwanja wa vita. Agosti 1914 Wajerumani waliuteka mji, na mnamo tarehe 12 Februari 1916 askari wa Afrika Kusini walishindwa vibaya katika kilima cha Salaita, mashariki ya mji, wakaokolewa na Wabaluchi waliowakinga walipokuwa wakirudi nyuma. Mwezi wa Machi Waingereza wakaurudisha mji. Reli ya kutoka Voi ililetwa na vita hivyo. Ama wapagazi, waliokufa kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi, wengi wao hawana hata kaburi lenye jina. Jina la kikosi chao ndilo lililobaki katika Kariakoo ya Dar es Salaam.

Baada ya uhuru, watu waliendelea kuvuka kwa ajili ya soko na harusi na mazishi. Lakini mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na Tanzania ikaufunga mpaka hadi mwaka 1983. Fikirini: miaka sita, na shangazi yako yuko Holili, mwendo wa kutembea kwa miguu! Biashara ya halali ilisimama, ikabaki magendo ya usiku kwa njia za panya. Tangu mwaka 2016 mambo yamekuwa mepesi. Maafisa wa nchi mbili hukaa katika jengo moja, na msafiri humaliza taratibu za nchi zote mbili mahali pamoja.

Mkienda, nendeni Jumatano au Jumamosi, ndizo siku za gulio. Ndizi ndiyo bidhaa kubwa. Mikungu hupakiwa kwenye malori ya Mombasa, na huenda ndizi mliyoila jana ilipita hapo. Kuna vitunguu, maharagwe, nyanya kwenye matenga, na mitumba isiyo na idadi. Mtasikia Kitaveta, Kichaga, Kipare, Kitaita na Kikamba, lakini bei hutajwa kwa Kiswahili. Jihadharini na vipimo: muuzaji wa upande wa Kenya hupima kwa gorogoro, na wa upande wa Tanzania amezoea sado, ambayo ni kubwa zaidi. Basi ulizeni kwanza ni kipimo gani, na ni shilingi ya nchi gani, ndipo mpatane.

Soko huanza alfajiri na hupungua baada ya adhuhuri. Ukibaki wakati, Ziwa Chala liko kaskazini ya mji, ndani ya shimo la volkano, na mstari ule wa 1886 unapita katikati ya maji yake. Chukueni maji ya kunywa na viatu vya kufunga, kwani kuteremka hadi ziwani ni kugumu, na kupanda ni kugumu zaidi.