Mshono wa Umio Unapovuja: Moyo Hutangulia Homa

Saratani ya umio imekita mizizi katika ukanda wa Afrika Mashariki, na wagonjwa wengi hufika hospitalini ugonjwa ukiwa umekwisha kusambaa. Wanaowahi huweza kufanyiwa upasuaji wa kuondoa sehemu ya umio yenye uvimbe. Mfuko wa chakula hutengenezwa kuwa mfano wa mrija, huvutwa hadi kifuani au shingoni, kisha hushonwa pamoja na kipande cha umio kilichobaki. Siku zinazofuata, uhai wa mgonjwa hutegemea sana mshono huo.

Kwa nini huvuja

Umio hauna utando wa nje ulio imara kama ule wa utumbo, na ncha ya mfuko uliovutwa juu hupata damu kidogo. Aidha, mgonjwa aliyeshindwa kumeza kwa miezi mingi huwa amedhoofika, na kidonda chake hupona polepole. Kwa hiyo, hata mikononi mwa wapasuaji hodari, takriban mgonjwa 1 kati ya 10 huvuja.

Dalili za kutazamwa

Mivujo mingi hujitokeza ndani ya siku 10 za mwanzo. Mshono wa shingoni ukivuja, kidonda huwa chekundu, huvimba na huweza kutoa mate. Mshono wa kifuani huvuja kwa siri, na hatari yake ni kubwa zaidi, kwa kuwa mate na vijidudu huingia kifuani. Mara nyingi ishara ya kwanza ni moyo kwenda mbio au kupiga bila mpangilio, kabla homa haijapanda. Hufuata kuhema, maumivu ya kifua, kuchanganyikiwa, mkojo kupungua, au majimaji ya mrija wa kifuani kuwa na ukungu. Muuguzi anayehesabu mapigo usiku na kumwita daktari mapema huenda akawa ameokoa maisha.

Kipimo cha damu cha CRP kikiendelea kupanda baada ya siku ya 3, shaka huongezeka. CT skani na endoskopi husaidia kuthibitisha. Hata hivyo, picha moja isiyoonyesha kitu haitoshi kumtuliza daktari ikiwa hali ya mgonjwa inazorota.

Matibabu

Mgonjwa huzuiwa kula na kunywa, hupewa dawa za kuua vijidudu, na usaha hutolewa kwa mrija. Lishe hupitishwa moja kwa moja katika utumbo mwembamba. Kwa hiyo hajaachwa na njaa. Ndugu wasimpe uji wala maji kwa huruma, kwani tonge moja huweza kupita penye tundu. Mvujo mdogo hupona bila upasuaji mwingine, pengine baada ya wiki kadhaa. Mkubwa huhitaji kuzibwa kwa stenti au kuwekewa sifongo ya kufyonza usaha kwa njia ya endoskopi. Sehemu ya mfuko ikifa kwa kukosa damu, mgonjwa hurudishwa chumba cha upasuaji bila kukawia.

Baada ya kurudi nyumbani

Homa, kuhema, maumivu mapya ya kifua au kidonda kutoa majimaji ni sababu ya kurudi hospitalini siku hiyohiyo. Chakula kikianza kukwama baada ya miezi, huenda kovu limebana njia. Daktari huweza kuipanua. Mgonjwa aeleze mapema kila badiliko, hata lile analoliona dogo.