Sauti za usiku hazimfundishi mtoto maneno mapya

Wapo wazazi wanaoacha simu ikicheza masomo ya Kiingereza kando ya kitanda cha mtoto usiku kucha, wakiamini maneno yatamwingia bila yeye kujua. Imani hiyo ina chembe ya ukweli, lakini ni chembe tu.

Ubongo hausubiri neno liishe ndipo ulitambue. Mtoto akisikia "ka...", maneno mengi anayoyajua huamka kwa pamoja: kaka, kabati, kanga, kalamu. Ikifika "kala...", mengi yameshaachwa, na kabla mama hajamaliza kusema, mkono uko kwenye kalamu. Mwanasaikolojia wa Uingereza, William Marslen-Wilson, alieleza mchujo huu katika miaka ya 1970 na 1980. Neno lililosikika muda mfupi uliopita huamka upesi zaidi.

Je, linaweza kuamshwa kwa siri? Mwaka 2005, watafiti Sid Kouider na Emmanuel Dupoux wa Paris walichapisha majaribio yao. Walichukua maneno ya Kifaransa, wakayabana yakawa mafupi mno, kisha wakayaficha katikati ya sauti za maneno yaliyochezwa kinyumenyume. Wasikilizaji hawakujua kuna neno lililopita. Hata hivyo, neno lilelile liliposemwa wazi papo hapo, walilitambua haraka zaidi, kwa tofauti ya sehemu ndogo sana ya sekunde.

Maneno ya kubuni, yasiyo na maana, hayakupata msaada huo. Yaani sauti ya siri iliamsha neno lililokuwamo tayari kichwani. Na hao walikuwa watu wazima, tena wako macho!

Mtoto hupata maneno mapya kwa mtu anayemtazama, anayetaja kitu kilicho mbele yao na kukirudia. Televisheni ikinguruma sebuleni, mtu mzima huziba mapengo kwa maneno aliyonayo. Mtoto bado hana akiba hiyo. Zima kwanza, mwite jina, kisha sema naye.

Kama hata nyumba ikiwa kimya bado anauliza "eh?", au huitika pale tu anapokuona, usikimbilie kumwita mkaidi. Baada ya mafua, majimaji yanaweza kubaki nyuma ya ngoma ya sikio bila maumivu yoyote. Mpeleke hospitali akaangaliwe masikio na kupimwa usikivu, wala usimtie mafuta au kijiti cha pamba.