Mbega wa Kericho Hana Kidole Gumba, na Mahindi Yako Si Shida Yake!

Kama umewahi kupita Chagaik, barabara ya Kericho kwenda Nakuru, pengine umewaona juu ya miti: weusi, mabega meupe kama wamejifunga shali, mkia mrefu wenye kishungi cheupe. Hao ni mbega. Cheki hizi:

1. Hana kidole gumba. Kimebaki kinundu tu. Lakini vile vinne vinashika tawi kama ndoano, na msee anaruka mti hadi mti bila stori.

2. Tumbo lake lina vyumba kama la ng'ombe. Bakteria wa ndani huchachusha majani magumu. Ndio maana akishadishi, anachill masaa mengi akingoja tumbo limalize kazi.

3. Mtoi huzaliwa mweupe pe! Weusi huingia baadaye, na akina mama wa kundi humbeba kwa zamu.

4. Alfajiri dume hunguruma kuambia majirani: hapa kuna wenyewe.

Sasa wasee wa Kericho na Bomet, kabla umrushie mawe kwa sababu ya mahindi, jua mwizi mara nyingi ni tumbili au nyani. Mbega anataka miti, na majani chai hayawezi kuwa keja yake. Tukikata ile miti ya kando ya mto kati ya mashamba, itabidi ashuke chini kuvuka, na huko mbwa na magari yanamngoja. Wacheni hiyo miti isimame, maze.