Mwachieni Nahodha Usukani

Kila msimu wa michezo unapowadia, shule zetu hushughulikia mambo mengi: jezi, nauli, dawa ya misuli na barua za wazazi. Lakini lipo jambo moja ambalo hutendwa kwa dakika tano tu, jua likitua, wachezaji wakiwa wamechuchumaa uwanjani. Mwalimu hunyoosha kidole na kusema, "Wewe utakuwa nahodha." Aghalabu kidole hicho humwangukia kijana mwenye kifua kipana, au yule mwenye mbio kuwashinda wenzake. Makofi hupigwa, naye kijana hurudi bwenini akiwa na cheo ambacho hakuna aliyemweleza maana yake. Tangu siku hiyo hadi msimu unapokwisha, hafunzwi lolote kuhusu kazi aliyopewa.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na kwa miaka kadhaa nimesaidia kulea timu ya raga ya shule. Labda ni kwa sababu ya somo ninalofundisha kwamba neno lenyewe, nahodha, limenikaa sana akilini. Asili yake ni Kiajemi, na maana yake ni mkuu wa chombo. Huku mwambao, nahodha wa jahazi hakuokotwa ufuoni na kukabidhiwa sukani. Alianza akiwa kijana wa kufua maji ya ngama, akajifunza kamba na tanga, akazijua nyota, akazitambua pepo za kusi na kaskazi, na akaishi na mabaharia hadi akajua ni nani wa kutumwa juu ya mlingoti usiku wa dhoruba. Alipokwisha kushika sukani, hakuna aliyesimama pwani akimpigia kelele ageuze chombo kulia au kushoto. Wahenga walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Nasi mashuleni tumeliazima neno la wahenga hao, lakini onyo lao tumeliacha baharini.

Katika raga jambo hili lina uzito kuliko katika michezo mingine mingi. Hapa nahodha hana kazi ya kurusha sarafu tu. Kwa desturi ya mchezo huu, yeye peke yake ndiye anayeruhusiwa kumwendea mwamuzi na kumuuliza kuhusu uamuzi alioutoa, tena kwa adabu. Wenzake hunyamaza. Timu inapopewa penalti, nahodha ndiye husema itatumiwaje. Anaweza kuomba teke la kulenga milingoti, lenye pointi 3. Anaweza kuagiza mpira upigwe nje karibu na pembe, timu yake ipewe nafasi ya kuurusha tena ndani na kutafuta trai yenye pointi 5. Anaweza kuchagua skramu iwapo anaona mafowadi wa upande wa pili wamechoka. Au anaweza kuamuru mpira uchezwe upesi kabla adui hajajipanga.

Hebu mwanafunzi, fikiri kwamba timu yako iko nyuma kwa pointi 2, zimesalia dakika 4, nanyi mmepata penalti pembeni mwa uwanja, mahali ambapo mpigaji wenu amekwisha kukosa mara moja. Utachagua nini? Jibu halimo kitabuni. Linategemea upepo, matope, macho ya mpigaji wako, na pumzi za wenzako. Hayo yote anayeyaona vizuri ni mtu aliye ndani ya uwanja. Ndiyo maana katika mechi kubwa za raga kocha huketi juu jukwaani, mbali na mstari, naye nahodha akaachwa na chombo chake.

Sasa njoo kwenye viwanja vyetu vya shule. Nimeshuhudia mara nyingi penalti ikitolewa, naye nahodha, kabla hajautazama hata mpira, anageuza shingo kumtafuta mwalimu wake. Mwalimu yuko mstarini, mikono hewani, sauti imekauka. "Piga nje! Piga nje!" Upande wa pili mwalimu mwingine anafoka vivyo hivyo. Mchezo ule, kwa kweli, unachezwa na watu wazima wawili kwa kutumia miili ya vijana 30. Kisha timu inaposhindwa, ni mwalimu yuyo huyo hulalamika kwamba nahodha wake hana uongozi. Angeupata wapi, maadamu kila ulipofika wakati wa kuongoza uliondolewa mkononi mwake?

Ili nisionekane kuwa nasema kwa dhana tu, nitatoa mfano wa mtu ambaye dunia nzima ya raga inamtambua. Richie McCaw wa New Zealand alikabidhiwa rasmi unahodha wa nchi yake mwaka wa 2006. Alikuwa mchezaji hodari ajabu. Mnamo Oktoba 6, 2007, katika robo fainali ya Kombe la Dunia mjini Cardiff, timu yake ilikwenda mapumzikoni ikiongoza Ufaransa kwa 13-3. Mwisho wa mchezo Ufaransa ilikuwa mbele kwa 20-18. Katika dakika za mwisho New Zealand walihitaji pointi 3 pekee. Wangeweza kujipanga mapema kwa teke la kudondosha, yaani mchezaji kuuachilia mpira udunde na kuupiga upite kati ya milingoti. Badala yake waliendelea kuusukuma mpira kwa nguvu, kana kwamba nguvu ndiyo dawa ya kila ugonjwa. Uhodari haukupungua siku ile. Kilichopungua ni utulivu wa kufikiri wakati moyo unadunda.

Nchi ile ingeweza kumvua McCaw cheo, na wapo waliodai hivyo. Haikumvua. Naye akaenda shule upya. Yeye na wenzake walifanya kazi na Ceri Evans, daktari wa akili ambaye aliwahi kuwa mchezaji wa soka wa taifa, wakajifunza namna ya kuirudisha akili uwanjani pale hofu inapoivamia: kuvuta pumzi polepole, kukanyaga ardhi kwa nguvu ili mtu ajisikie alipo, kuinua macho na kutazama mbali. Ni mambo madogo ambayo hata mtoto wa kidato cha kwanza anaweza kuyafanya. Miaka minne baadaye, Oktoba 23, 2011, walikutana tena na Ufaransa, mara hii katika fainali mjini Auckland. McCaw alicheza akiwa na mfupa wa mguu uliovunjika. Wapigaji wake wa kutegemewa walikuwa wameumia mmoja baada ya mwingine, hata penalti ya ushindi ikapigwa na Stephen Donald, mchezaji ambaye hakuwamo hata katika kikosi cha kwanza kilichotajwa. Kwa zaidi ya dakika 30 matokeo yalisimama 8-7. Safari hii chombo hakikwenda mrama. Mwaka wa 2015 McCaw alilitwaa Kombe hilo mara ya pili, akastaafu akiwa ameiongoza nchi yake katika mechi 110.

Funzo langu hapa halihusu kombe. Nahodha wa mwaka wa 2011 ni mtu yule yule wa mwaka wa 2007, pamoja na miaka minne ya kuaminiwa baada ya kushindwa. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Lakini ni shule ngapi kwetu humwachia nahodha cheo chake baada ya kipigo kimoja kikubwa?

Karibu zaidi nasi yuko Siya Kolisi wa Afrika Kusini. Alizaliwa mwaka wa 1991 katika mtaa wa Zwide, akalelewa na nyanya yake katika umaskini, na mnamo Mei 2018 akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kuwa nahodha wa timu hiyo katika mechi za kimataifa, timu iliyoanza kucheza mechi hizo tangu mwaka wa 1891. Mechi yake ya kwanza akiwa nahodha, dhidi ya Uingereza mjini Johannesburg, ilianza kwa msiba: 24-3 kabla kipindi cha kwanza hakijafika kati. Timu iliyokosa utulivu ingesambaratika. Yake ilishinda 42-39. Mwaka uliofuata alilinyanyua Kombe la Dunia mjini Yokohama.

Hata hivyo, mimi ninapowasimulia wanafunzi habari zake, huwapeleka kwenye fainali ya Oktoba 28, 2023 mjini Paris. Usiku ule manahodha wote wawili walionyeshwa kadi. Sam Cane wa New Zealand alitolewa kwa kadi nyekundu. Mwanzoni mwa kipindi cha pili, Kolisi naye akapewa ya manjano na kuketi nje dakika 10, timu yake ikiwa mbele kwa pointi 6 tu. Alikuwa hana la kufanya ila kutazama. Afrika Kusini walishikilia uongozi hadi mwisho, wakashinda 12-11. Hapo ndipo kipimo cha juu kabisa cha unahodha kilipoonekana: timu haikupotea njia alipoondoka. Nahodha aliyekomaa huwa amekwisha kuwapandikizia wenzake uwezo wa kuamua. Yule ambaye timu huporomoka anapotoka uwanjani alikuwa nguzo moja chini ya paa zima.

Nasi tunao wa kwetu. Mnamo Machi 2009, timu ya Kenya ya wachezaji saba kila upande iliwashangaza wengi mjini Dubai ilipoilaza Fiji na kuingia nusu fainali ya Kombe la Dunia. Nahodha alikuwa Humphrey Kayange. Msimu huo huo, aliyeongoza dunia nzima kwa kufunga trai katika michuano ya raga ya aina hiyo alikuwa ndugu yake mdogo, Collins Injera. Mmoja akafunga, mwingine akaongoza, na nyumba haikugombana. Kayange aliendelea kukua hata baada ya kuacha kucheza, na mwaka wa 2021 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki. Walimu wanaodhani kwamba mfungaji bora lazima awe nahodha na watafakari habari za ndugu hao wawili.

Basi tufanye nini? Kwanza, tusiharakishe kuteua. Mwalimu na atazame kwa wiki kadhaa ni nani anayekusanya mipira baada ya mazoezi bila kuambiwa, ni nani wenzake humwendea wanapokosewa, ni nani hunyamaza mwamuzi anapopuliza kipenga. Pili, uamuzi ufanyiwe mazoezi kama vile kukaba na kupiga teke kunavyofanyiwa. Simamisha mchezo jioni ya Jumatano, taja matokeo na dakika zilizosalia, kisha mwambie nahodha aamue kwa sekunde 10 na aeleze sababu. Tatu, wakati wa mapumziko mwache yeye aseme kwanza, nawe mwalimu useme baadaye, tena kwa ufupi. Nne, baada ya mechi usimuulize kwa nini hakukutazama. Muulize aliona nini. Haya yanawahusu wasichana sawasawa na wavulana, kwani timu ya wanawake ya Kenya imekwisha kucheza Olimpiki za Rio mwaka wa 2016 na za Tokyo zilizofanyika mwaka wa 2021.

Kuna mpaka mmoja ambao sitaki ueleweke vibaya. Mchezaji akigongwa kichwa na kukashukiwa kuumia ubongo, hapo hakuna uamuzi wa nahodha wala wa mchezaji mwenyewe. Atoke, wala asirudi siku hiyo. Uhai wa mtoto ni amana ya mtu mzima, na mtu mzima hawezi kuikabidhi kwa kijana wa miaka 17 kisha akajiita mlezi.

Najua jibu nitakalopewa. Mwalimu mkuu anataka kombe, wazazi wanataka kombe, na mwalimu asiyelileta hunyang'anywa timu. Ni kweli kwamba nahodha anayeachiwa usukani atakosea, na huenda kosa lake likatugharimu mechi ya wilaya. Lakini tuyapime mambo haya mawili kwa mizani moja. Kombe litawekwa ofisini na kushika vumbi. Kijana aliyefunzwa kusikiliza, kuamua, kuieleza sababu yake na kuyabeba matokeo bila kumtupia mwingine lawama atatoka langoni mwa shule na kuingia katika nchi yenye njaa kubwa ya watu wa aina hiyo. Mara ngapi tumeona bweni likiwaka moto, na viranja wote wakisema kwamba walikuwa wakingoja kuambiwa la kufanya?

Nawe mwanafunzi uliyeteuliwa muhula huu, cheo ulichopewa ni mbegu tu. Zisome sheria za mchezo hadi uzijue kuliko wenzako. Mwendee mwamuzi kwa hatua za polepole na sauti ya chini. Mjue mchezaji wa akiba aliyerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo, kwa sababu naye ni baharia wako. Na siku penalti itakapotolewa, zikiwa zimesalia dakika 4, usigeuze shingo kumtafuta mwalimu. Vuta pumzi, watazame wenzako, kisha useme unachotaka.