UZI: Miche bilioni 15, na wa kuitunza ni nani?

1/ Kila msimu wa siasa ni yale yale. Mmoja anasema, "Tutapanda miti!" Mwingine anajibu, "Fungueni misitu, vijana wapate kazi!" Wote wanapigiwa makofi. Swali ambalo silisikii jukwaani: nani atausimamia huo msitu, na amefunzwa nini? Twende polepole.

2/ Kwanza takwimu. Katiba, kifungu cha 69, inataka angalau asilimia 10 ya nchi iwe na miti. Tathmini ya kitaifa ya 2021 ilipata 12.13. Tumefika, sivyo? Ngoja. Hiyo ni miti yote, hata ya shambani kwako. Misitu yenyewe ilikuwa 8.83. Mtu akikutajia asilimia, muulize: ya miti au ya misitu?

3/ Lengo la serikali ni miti bilioni 15 kufikia 2032. Mche ni rahisi kuhesabu siku ya kupanda, kamera zikiwepo. Kiangazi kikipita, nani anarudi kuhesabu iliyobaki hai?

4/ Hapo ndipo taaluma inaingia. Afisa aliyesomea ikolojia ya msitu haanzi na jembe. Anaanza na maswali: hapa paliota nini zamani? Udongo bado una mbegu? Maji yanapita wapi? Mifugo inaingilia wapi?

5/ Wakati mwingine jibu lake ni: msipande kitu. Zuieni mifugo na moto, msitu wa kiasili uchipuke wenyewe. Gharama ni ndogo, na miti ni ya pale pale. Shida ni kwamba hakuna mwanasiasa anayetaka kupigwa picha akizindua ua.

6/ Penye kupanda, ni mti gani na wapi? Mkaratasi si adui. Shambani unakupa nguzo na kuni haraka. Kando ya chemchemi, huo huo unanyonya maji ya kijiji.

7/ Tukumbuke marufuku ya ukataji miti iliyoanza 2018, ikatangazwa kuondolewa 2023. Mjadala ukawa "kata" dhidi ya "usikate". Lakini sipresi na paini za serikali zilipandwa zivunwe. Zisipopunguzwa zinasongamana na kubaki nyembamba. Msitu wa kiasili ni habari nyingine kabisa. Kutofautisha hayo ni kazi ya aliyefunzwa.

8/ Halafu kuna kilimo ndani ya msitu, PELIS. Unalima viazi katikati ya miche miaka ya kwanza, ukiipalilia, kisha unatoka miti ikifunga kivuli. Ni mpango mzuri ukisimamiwa. Usiposimamiwa, mkulima anajua mti ukikua shamba limekwisha. Unadhani ataubembeleza?

9/ Mafunzo yapo. Chuo cha misitu cha Londiani, Kericho, kiko tangu 1957. Sheria ya 2016 pia inatambua vyama vya jamii vya misitu, CFA. Hao ndio wako msituni kila siku, kwa hivyo mafunzo yasiishie kwa maafisa tu.

10/ Na misitu si ya Nairobi pekee. Katiba imezipa kaunti sehemu ya kazi hii. Kwa hivyo mgombea akija kwenu, hata wa ugavana, muulize matatu:
– Bajeti ya kufunza watu wa misitu ni ngapi?
– Afisa mmoja anasimamia eneo kubwa kiasi gani?
– Miche ya miaka 3 iliyopita, mingapi iko hai?

Sipresi huchukua kama miaka 30 kukomaa. Muhula ni 5. Akikujibu kwa idadi ya miche pekee, ujue hesabu yake inaishia siku ya uchaguzi.